Sekunde mbili kwenye kona: kisa cha mwanafunzi mmoja katika idara ya usalama wa reli

Mwanafunzi ninayeandika habari zake hapa alikuja kwetu akiwa amemaliza mwaka wa tatu wa shahada ya usalama na afya kazini. Alikuwa na miezi tisa ya mafunzo kwa vitendo, ile fildi ambayo wanafunzi huitamani na kuiogopa kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa msimamizi wake katika idara ya usalama ya kampuni iliyokuwa na mkataba wa kutunza njia ya reli. Kampuni sitaitaja, wala yeye mwenyewe, wala mnyapara ambaye bila yeye kisa hiki kisingekuwepo. Ninachotaka kieleweke ni jinsi mtu wa chini kuliko wote katika idara alivyoliona jambo ambalo sisi wenye vyeti tulikuwa tumelipita kwa miaka, na jinsi nilivyokaribia kumzuia asilione.

Karatasi ya makubaliano kati yetu na chuo ilieleza kazi yake kwa maneno manne: "Atasaidia shughuli za idara." Nimeona karatasi nyingi za namna hiyo tangu wakati ule, na kila nikikutana na moja najua kinachofuata: kabati la mafaili, kompyuta iliyochoka na rundo la fomu. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Wiki sita za kwanza aliingiza kadi kwenye kompyuta.

Kadi hizo zilikuwa taarifa za kukoswakoswa, yaani matukio ambayo mtu angeumia au kufa lakini hakuumia. Spana imeachwa juu ya reli na treni ikapita. Mfanyakazi amevuka njia akidhani imefungwa, kumbe iko wazi. Mtu akiona jambo la aina hiyo anajaza kadi, anaitia kwenye sanduku la karakana, nayo inafika ofisini kwetu. Tulikuwa na kadi za miaka mitatu ambazo hakuna aliyewahi kuzipanga. Nilifikiri ni kazi inayomfaa mwanafunzi kwa sababu haikuhitaji mtu mwenye ujuzi. Leo naona niliifikiria kinyume. Kusoma kadi 1 ni kazi ya karani, lakini kuzisoma zote mfululizo, kwa mpangilio, kwa macho ambayo hayajazoea chochote, ni uchunguzi, nami niliukabidhi bila kujua ninachokabidhi.

Kabla ya kadi kulikuwa na maandalizi, na sehemu hiyo tuliifanya vizuri. Alipimwa macho na masikio, akapimwa pombe na dawa za kulevya, akasoma kozi ya kutembea kando ya njia na kuifanyia mtihani. Alipewa kofia ya rangi tofauti ili kila mtu ajue kwa mbali kwamba huyu ni mgeni. Alipewa pia kanuni 2 zilizoandikwa na kutiwa sahihi na mimi, yeye na mkuu wa kikosi: haendi njiani bila mwenyeji wake aliyetajwa kwa jina, na hafanyi kazi yoyote inayotakiwa kufanywa na mtu mwenye cheti cha kazi hiyo. Nitazirudia kanuni hizi mbele.

Katikati ya wiki ya sita alikuja mezani kwangu na karatasi moja. Alikuwa ameorodhesha vikosi vyote vya matengenezo na idadi ya kadi za kila kikosi. Kimoja, ambacho ndicho kilichokuwa na saa nyingi zaidi za kazi njiani, hakikuwa na kadi hata moja kwa miezi 11. Nilikijua kikosi hicho. Nilikuwa nimeanza hata kuandaa cheti cha pongezi kwa ajili ya mnyapara wake. Nikamwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hawakoswi, au hawaandiki?"

Swali hilo lilinikera, na nataka kusema wazi kwamba lilinikera kabla ya kuniamsha. Lilikuwa swali la kitoto kwa sura yake. Kila afisa usalama amefundishwa kwamba sifuri inaweza kuwa na maana mbili. Lakini kufundishwa jambo si sawa na kulikumbuka siku ambayo sifuri hiyo inaipendeza ripoti yako ya robo mwaka. Ripoti yangu ilikuwa na mstari unaoshuka vizuri, na kikosi kile ndicho kilichokuwa kikiushusha.

Hapa kuna historia ambayo haina budi kusemwa, kwa sababu wanafunzi wengi huisoma darasani kama hesabu isiyo na shida. Mwaka 1931 Mmarekani Herbert William Heinrich, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima, alichapisha uwiano uliokuja kuchorwa kama pembetatu: kwa kila jeraha kubwa 1 kuna majeraha madogo 29 na matukio 300 yasiyojeruhi. Uwiano huo umebishaniwa sana, na hakuna sababu ya kuamini kwamba namba zilezile zinashika katika kila kazi. Lakini madhara yake makubwa zaidi yametokana na jinsi mameneja walivyousoma. Wengi walielewa kwamba ukipunguza yale 300, lile 1 litapungua. Njia rahisi kuliko zote ya kupunguza 300 ni kuwafanya watu waache kuandika.

Reli ya Uingereza ililijua hilo mapema. Mwaka 1996 kule Scotland ulianzishwa, kwa mchango wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, mfumo uitwao CIRAS, ambapo mfanyakazi anatoa taarifa kwa siri na mwajiri wake hajui ni nani aliyesema. Baada ya ajali ya treni ya Ladbroke Grove, London, ya tarehe 5 Oktoba 1999, iliyoua watu 31, mfumo huo ulipanuliwa ukafika katika reli ya nchi nzima. Watu hawaanzishi mfumo wa siri mahali ambapo kadi ya kawaida yenye jina inafanya kazi yake.

Mwanafunzi aliomba wiki nzima na kikosi kile. Nilimpa siku 3, kwa shingo upande, maana kadi zilikuwa bado hazijaisha. Ninaitaja shingo upande hiyo kwa sababu ndiyo hali ya wasimamizi wengi: tunampokea mwanafunzi kama mkono wa kupunguza mrundikano, halafu tunaona kila saa anayojifunza kuwa saa iliyoibiwa kutoka kwenye mrundikano huo.

Siku ya kwanza mnyapara alimpokea kwa heshima, akamweka mahali salama nje ya njia, akamwambia: "Binti, hapa usiyategemee masikio yako. Na macho yako usiyategemee pia. Tegemea ya yule pale." Alikuwa akimwonyesha mwangalizi, yule mtu ambaye kazi yake pekee ni kutazama treni na kupuliza honi inapoonekana. Mnyapara hakuwa akitia chumvi. Reli za zamani zilikuwa na maungio, na magurudumu yalipiga mdundo uliosikika kwa mbali. Siku hizi reli huchomelewa zikawa kipande kirefu kimoja, treni ya umeme haina ngurumo ya injini, na upepo ukiwa unatoka upande wako sauti inapelekwa kule inakotoka treni. Kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, treni inakwenda zaidi ya mita 44 kwa kila sekunde. Ukigeuza shingo, ukaangalia, ukageuka tena, imekwisha kula urefu wa uwanja wa mpira.

Siku ya pili, wakati wa mapumziko, aliuliza kuhusu kadi. Hakuuliza kwa nini hawaandiki. Aliuliza mara ya mwisho kadi iliandikwa lini na ilikuwaje. Mnyapara alijibu bila kuzunguka. Kijana wao mmoja aliwahi kujaza kadi kwamba mwenzake alichelewa kutoka njiani. Kadi ilikuwa na nafasi ya majina. Mwenzake aliitwa, akasimamishwa kazi siku 2 kupisha mahojiano, na malipo ya siku hizo hayakurudi. Tangu hapo kikosi kilikubaliana mambo yake yaishie kwenye kikosi. "Sisi hatufichi," alimwambia. "Tunarekebishana wenyewe."

Nami ndiye niliyefanya yale mahojiano. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kwangu yalikuwa alasiri mbili za makaratasi, na kwao yalikuwa fundisho la kudumu kuhusu idara ya usalama ni ya nini.

Kama kisa kingeishia hapo, bado kingekuwa na thamani. Lakini siku ya tatu ndiyo iliyobadilisha mambo. Kikosi kilikuwa kinakaza nati kwenye kona moja ndefu, kwa mashine ya injini ya petroli. Mashine hiyo ina kelele za kuumiza, na anayeishika lazima avae vizuia kelele masikioni. Kwa hiyo honi ya mwangalizi haisikii. Utaratibu ni kwamba mtu wa pili anasimama karibu naye na kumgusa begani honi inapolia. Mwanafunzi alitazama treni 4 zikipita kwa utaratibu huo. Jioni, garini, alimuuliza mwenyeji wake swali lililoonekana dogo: katika mpango wa kazi salama, muda wa kutoka njiani umeandikwa sekunde 8, nani alipima?

Hakuna aliyejua. Alipofika ofisini alifungua mipango ya nyuma, mmoja baada ya mwingine. Namba 8 ilikuwa kwenye wote. Mpango wa mwaka huu uliinakili kutoka wa mwaka uliotangulia, na huo kutoka uliotangulia huo, hadi alipofika kwenye mpango wa zamani wa wakati ambao kikosi kilitumia spana za mkono. Wakati ule huenda namba hiyo ilikuwa sahihi. Kisha mashine ikaja, kazi ikawa ya haraka na nyepesi zaidi mgongoni, na namba ikabaki palepale. Kila mpango ulikuwa na sahihi ya anayeidhinisha, na katika miaka 4 ya mwisho sahihi hiyo ilikuwa yangu.

Aliomba apime, nami kwa mara ya kwanza nikafanya jambo ninaloweza kulisimamia: nilikataa asipimie njiani. Mwanafunzi mwenye saa mkononi, akitazama tarakimu badala ya kutazama treni, hana nafasi kando ya njia iliyo wazi. Karakana yetu ilikuwa na kipande cha reli ya mazoezi kisichounganishwa na njia yoyote. Tulimwomba mnyapara alete kikosi chake huko kwa saa 2, na tukakubaliana naye mbele ya watu wake kwamba hakuna jina litakaloandikwa.

Alichora chini kwa chokaa umbali hadi mahali pa usalama, kama ulivyo kwenye ile kona. Pale konani upande wa karibu kuna ukuta, hivyo wafanyakazi hulazimika kuvuka njia na kusimama upande wa pili. Kisha honi ikapulizwa, saa ikaanza. Mtu wa pili anamgusa mwenye mashine. Mwenye mashine anaachia kichocheo, anasubiri mzunguko ufe, anachomoa kichwa cha mashine kwenye nati. Wawili wanaiinua kutoka kwenye reli kwa kuwa mashine hiyo hukaa juu ya reli kwa magurudumu madogo. Wananyooka, wanavuka, wanaiweka chini, wanasimama. Walirudia mara 10. Mara ya haraka kuliko zote ilichukua sekunde 13, na ya polepole kuliko zote sekunde 17. Hiyo ilikuwa sakafu kavu, mchana, bila upepo, na watu wakijua kwamba honi italia.

Tulibishana kidogo kuhusu ipi itumike. Nilipendekeza wastani. Alisema treni haitachagua kuja wakati wameamka vizuri. Tukachukua 17.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Reli nyingi zina kanuni kwamba wafanyakazi wawe wamekwisha kusimama mahali pa usalama muda fulani kabla treni haijafika. Uingereza muda huo ni sekunde 10, nasi tuliitumia hiyohiyo. Kwa mpango wetu wa karatasi, 8 na 10 ni 18, na kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa treni inahitaji kuonekana kutoka mita 800. Kwenye kona ile mwangalizi anaiona kutoka mita 850, inapotokeza nyuma ya miti. Kwa hiyo karatasi ilikuwa safi, tena ikiwa na ziada. Kwa muda uliopimwa, 17 na 10 ni 27, na umbali unaohitajika ni mita 1,200. Tulikuwa na 850. Treni inaimaliza mita 850 kwa sekunde 19. Toa 17.

Sekunde mbili. Kikosi nilichotaka kukipa cheti kilikuwa kinamaliza kuvuka njia sekunde mbili kabla ya treni kupita, na hapo ni kama mwangalizi ameiona papo hapo ilipotokeza. Nilikaa na karatasi ile muda mrefu.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nadhani vyuo na waajiri huikwepa. Rasimu ya kwanza ya ripoti yake haikusema hivyo. Ilisema kwamba "inashauriwa muda wa kutoka njiani uhakikiwe upya katika baadhi ya maeneo." Hesabu ya sekunde mbili haikuwemo. Nilimuuliza iko wapi. Akasema, kwa adabu na bila kuzungusha: "Bosi, mpango una sahihi yako. Na wewe ndiye utakayenipa alama."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Tulikuwa tumemweka mtu mahali ambapo ukweli wake unapita kwangu, na mimi ndiye ukweli huo unaonigusa. Hakuna kozi ya maadili inayoweza kumpa mwanafunzi ujasiri wa kulipia kosa la mpangilio wa namna hiyo. Nilichofanya ni kumwandikia mhadhiri wake siku hiyohiyo, nikaomba alama za sehemu hiyo zitolewe na chuo bila mimi, na nikampa mwanafunzi nakala ya barua. Ripoti ya pili ilikuja na hesabu yote, ukurasa wa kwanza. Nikaweka sahihi yangu chini ya yake, na mnyapara akaombwa awepo tulipoiwasilisha.

Kikao hakikuwa rahisi. Pendekezo lilikuwa kwamba kazi ya mashine kwenye kona ile ifanyike njia ikiwa imefungwa tu. Kufunga njia maana yake ni kazi ya usiku, saa chache, na foleni ya matengenezo kurefuka. Meneja mmoja alisema tumefanya hivi miaka 12 na hakuna aliyegongwa. Kauli hiyo ina nguvu masikioni, na inafaa kutazamwa vizuri. Miaka 12 bila ajali inathibitisha kwamba sekunde mbili zimetosha kila mara hadi leo. Haithibitishi kwamba zitatosha siku ambayo mtu atajikwaa kwenye kokoto, au mwangalizi atapitiwa na vumbi machoni.

Mwanafunzi hakujibu hilo. Aliomba ruhusa ya kueleza kilichotokea Margam, kusini mwa Wales, na alikieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Asubuhi ya tarehe 3 Julai 2019 wafanyakazi 2 wa njia waligongwa na treni ya abiria wakafa, na wa tatu akanusurika kwa nafasi ndogo. Walikuwa wanashughulikia bolti kwa mashine yenye injini ya petroli. Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu bila shaka wote watatu walikuwa wamevaa vizuia kelele, kwamba hawakuwa na mwangalizi aliyeteuliwa, na kwamba njia ilikuwa wazi. Mpango ulioandaliwa kwenye karatasi haukuwa ndio uliofuatwa, na utaratibu uliochukua nafasi yake ulizidi kupungua usalama kadiri asubuhi ilivyosonga. Mwezi huohuo msimamizi wa reli wa Uingereza, ORR, alimpa mwenye njia notisi 2 za kuboresha usalama wa wafanyakazi wa njiani, na katika miaka iliyofuata kazi ya kutegemea mwangalizi mwenye honi pekee iliondolewa karibu yote. Mashine ya kelele, masikio yaliyozibwa, njia iliyo wazi: sisi tulikuwa na vitu vyote vitatu pale kwenye kona.

Pendekezo lilipita. Meneja yuleyule, kwa haki yake, ndiye aliyeuliza kabla hatujaondoka kama kona nyingine zimepimwa.

Mwezi wa sita wa mafunzo yake ulituletea jaribio la aina nyingine. Mwangalizi wa kikosi kingine alichelewa kufika. Mkuu wa kikosi hicho, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwona mwanafunzi pale na kofia yake ya rangi, akamwambia ashike honi kwa nusu saa tu, "unaona vizuri, umesoma." Mwanafunzi aliniambia baadaye kwamba kitu kigumu hakikuwa kujua jibu. Kigumu kilikuwa kwamba watu watano walikuwa wanamtazama, kazi imesimama, na miezi yote aliyokuwa pale alikuwa akitamani kuaminiwa, na hii ilifanana sana na kuaminiwa. Alitoa mfukoni ile karatasi yenye sahihi tatu, akaonyesha mstari wa pili. Kikosi kilisubiri dakika 40.

Naamini karatasi ile ilifanya kazi ambayo ujasiri peke yake usingeifanya. Kijana wa chuo hawezi kumwambia mtu mzima wa kazi "hapana" kwa nguvu zake mwenyewe kila siku. Anaweza kumwambia "siruhusiwi." Mkataba wa mafunzo ukimpa neno hilo, umempa kinga kubwa kuliko kofia na viatu.

Kisa hiki kinanirudisha kila mara kwenye Clapham Junction. Tarehe 12 Desemba 1988 treni ziligongana huko kusini mwa London, watu 35 wakafa, kwa sababu waya wa zamani katika mfumo wa ishara uliachwa bila kukatwa na kufungwa ncha, ukagusana na pale usipotakiwa. Fundi aliyeuacha alikuwa amepata siku 1 tu ya mapumziko katika wiki 13. Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden, uliotoa mapendekezo 93, haukuishia kwenye uchovu. Ulikuta kwamba namna ile ya kuacha waya ilikuwa mazoea yake katika maisha yake yote ya kazi, na kwamba hakuna aliyewahi kumkosoa. Msimamizi wake siku hiyo alikuwa na kazi zake mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliyehesabu waya zile baada yake.

Sitaki wanafunzi wasome habari ile kama habari ya fundi mzembe. Naisoma kama habari ya mafunzo ya kazini. Mtu anayejifunza kwa kutazama hurithi mazoea yote, mema na mabaya, kwa uzito uleule, maana hakuna anayemwambia lipi ni lipi. Fildi ni njia hiyohiyo. Mwanafunzi akikaa miezi tisa nasi bila kuulizwa ameona nini cha ajabu, mwezi wa tisa hatakuwa na cha ajabu tena, maana atakuwa amekuwa mmoja wetu. Ndiyo maana naona wiki zile za mwanzo kuwa na thamani kuliko za mwisho, na mimi nilizitumia kwa kumfungia na kabati.

Upande wa chuo nao ulikuwa na lake. Mhadhiri alikuja mara 1, kwa muda wa saa 1, na tulipita ofisi kwa ofisi. Daftari la mwanafunzi lilikuwa na safu ya tarehe, safu ya kazi iliyofanyika na safu ya sahihi yangu. Halikuwa na mahali pa kuandika swali. Siku aliyogundua namba 8 imenakiliwa kwa miaka, daftari linasema: "Kupitia nyaraka." Siku aliyokataa kushika honi, linasema: "Ziara ya njiani." Alama za nidhamu zilihesabu kuvaa vizuri na kufika mapema. Yote mawili ni mema, ila mtahini anayesoma daftari lile hawezi kujua kama amemfundisha mtu wa usalama au karani hodari.

Jambo moja la kutia moyo ni kwamba maswali madogo ya namna hii hupimika, na reli ina mfano wake maarufu. Wafanyakazi wa reli wa Japani hunyoosha kidole kwenye ishara na kuitamka kwa sauti kabla ya kutenda. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa kiufundi ya reli ya nchi hiyo ilipima zoezi hilo katika kazi rahisi, na makosa yakashuka kutoka 2.38 hadi 0.38 kwa kila vitendo 100. Mtu aliuliza kama kunyoosha kidole kunasaidia kweli, akahesabu. Kazi ya ukubwa huo inamtosha mwanafunzi wa shahada, na idara nyingi zina maswali kama hayo yaliyolala.

Baada ya kikao tulibadilisha kadi, tukaondoa nafasi ya majina, na nilikwenda mwenyewe kwa kikosi kile kueleza yale mahojiano ya zamani na kurudisha malipo ya siku mbili, jambo lililochukua miezi 3 ya kusukumana na ofisi ya mishahara. Kadi za kikosi hicho zikaanza kuja: 2, kisha 5, kisha 9 kwa mwezi. Mstari kwenye ripoti yangu ulipanda, nami nikaitwa kueleza kwa nini usalama unazorota. Nilichukua kadi zenyewe, nikazisoma moja baada ya nyingine mbele yao.

Njia yetu ilikuwa na maeneo mengine 9 yenye kona na ukuta ambako mashine ile hutumika. Mwanafunzi alipima 2 kabla miezi yake haijaisha, na moja kati ya hayo lilikuwa baya karibu kama la kwanza. Yaliyobaki 7 niliyafunga kwa kazi ya mashine mchana hadi yapimwe, na katika karatasi ya makubaliano ya mwanafunzi aliyefuata, pale palipokuwa na yale maneno manne, niliandika majina ya maeneo hayo saba.